Steringi Hafi

Katika mabanda ya video ya Mtoni kuna hukumu moja ya maneno mawili ambayo watoto huirithi mapema, pengine kabla ya kulijua jedwali la kuzidisha: steringi hafi. Haisemwi kama maoni. Husemwa kama isemwavyo kuwa maji hushuka na moshi hupanda. Mtu akiingia katikati ya mchezo, akamkuta shujaa ananing'inia ukingoni mwa ghorofa kwa vidole vitatu, akaanza kuhangaika na kushika kichwa, jirani humtuliza kwa maneno hayo mawili, kisha wote wawili huendelea kutafuna karanga zao.

Mtoni niitajayo si ya kwetu Unguja, yenye magofu ya kasri la Seyyid Said alimozaliwa Bibi Salme mwaka 1844. Ni Mtoni ya ng'ambo, wilayani Temeke, kusini mwa bandari ya Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Kilwa. Ile ambayo makondakta wa daladala huiita Kwa Azizi Ali. Huko, kama ilivyo Tandika, Mbagala au pembe za Kinondoni, filamu aghalabu haikutazamwa katika jumba la sinema. Ilitazamwa, na pengine ingali ikitazamwa, katika kibanda umiza. Jina limebeba utani wake: anayeingia huumia kwa joto la mabati, kwa benchi lisilo na mgongo, na kwa jirani aliyekwisha kuitazama filamu hiyo jana na hawezi kuuficha ujuzi wake. Siku hizi wengi hupelekewa filamu kwenye simu zao, wakazitazama peke yao kitandani. Lakini lugha ya kuzihukumu filamu, ile iliyozaliwa kibandani, wameondoka nayo.

Neno steringi lenyewe lina kisa. Asili yake ni Kiingereza cha mabango na maandishi ya mwanzo wa filamu, pale yanapotajwa majina ya wachezaji wakuu. Waswahili walilichukua neno la kazi wakalifanya mtu. Upande wa pili wakamsimamisha adui, neno ambalo wasomaji wa tenzi za vita hawana haja ya kufasiriwa. Hapo zikapatikana nguzo mbili, na baina yake akaketi mtafsiri. Huyu, kwa maoni yangu, ndiye malenga wa kibanda. Aliyejulikana mno miongoni mwao ni Lufufu, ambaye sauti yake iliwafanya Wachina na Wamarekani wazungumze Kiswahili cha uswahilini, watukanane kwa matusi ya kwetu na watishiane kwa methali zetu. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii, aliifananisha katika anwani ya maandishi yake na kugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo una haki. Mchele ni wa watu, viungo ni vyetu.

Nami nimekusudia kuzungumza juu ya viungo vichache tu katika pilau hiyo, yaani yale maneno mawili ya mwanzo. Ikiwa steringi hafi, ushujaa wake uko wapi? Aruke kutoka ghorofa ya arobaini, aingie motoni, aukabili mtutu wa bunduki, kipi alichokihatarisha? Anayeogelea ndani ya ndoo hasifiwi kwa ubaharia.

Tuanze na steringi wetu wenyewe. Fumo Liyongo, kwa mapokeo ya Pate, Ozi na Lamu, na kwa utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, alikuwa na kila sifa ambayo studio za Marekani huwapa mashujaa wao wa kubandika. Alikuwa na urefu usiokuwa wa kawaida, nguvu za kutisha, na mwili usiopenya silaha. Alifungwa gerezani akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku ngoma na nyimbo zikizimeza kelele za chuma kikikatwa. Mtoto yeyote wa Mtoni angemtambua mara moja. Lakini watunzi wa kwetu walimpa kitu kimoja ambacho wengine humnyima shujaa wao, nacho ni mahali pa kufia: kitovuni, kwa sindano ya shaba. Na hawakuishia hapo. Walimfanya mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme, ndiye wa kuja kuiuliza siri hiyo; na wakamfanya baba ahisi kuwa mtoto katumwa, kisha akaijibu.

Hapo ndipo ninapomwona shujaa. Si katika kuvunja gereza. Gereza hata nguvu tupu huvunja. Ushujaa wa Liyongo umo katika jibu alilompa mwanawe, kwa kuwa lilikuwa na bei na yeye aliijua bei hiyo. Ondoa kifo, jibu lile linakuwa mazungumzo ya baba na mwana juu ya vyombo vya kushonea.

Wako watakaonipinga kuwa Liyongo naye harudi mara moja tu. Kila usiku utendi uliposomwa alikuwa hai tena katika ubeti wa mwanzo. Hoja hii ni nzuri na yataka jibu. Jibu langu ni kuwa kurudia si kuendeleza. Msikilizaji wa utendi aliujua mwisho kabla hajaketi mkekani, akausikiliza hata hivyo, na mara ya kumi huenda ilimliza kuliko ya kwanza. Mwisho ule ulikuwa umesimama imara kama nanga, na kila usomaji uliufungia kamba mpya. Sehemu ya pili hufanya kinyume chake. Huja kuing'oa nanga. Humwambia aliyelia jana kwamba chozi lake lilikuwa la haraka, angesubiri.

Na katika miaka hii wamelisema hilo kwa sauti kubwa. Mwaka 2018, katika filamu ya Avengers iitwayo Infinity War, adui alifyatua vidole na nusu ya viumbe hai vyote ikageuka vumbi, mashujaa wakiwamo. Watu walitoka majumba ya sinema wameduwaa. Mwaka uliofuata ikaja Endgame, vumbi likawa watu tena, na mapato ya dunia nzima yakafikia takriban dola bilioni 2.8. Ni kweli kuwa filamu hiyo ilimuua Iron Man, na ikamuua kwa heshima: alijua bei, akalipa. Lakini mwaka 2024 ilitangazwa kuwa mchezaji yuleyule, Robert Downey Jr., atarejea katika filamu hizohizo akiwa mtu mwingine, tena adui. Uso umefufuliwa, jina limebadilishwa. Mwaka huohuo wa 2024 tulimwona Wolverine, aliyekufa na kuzikwa katika filamu ya Logan ya 2017. Kaburi lake linafukuliwa mwanzoni mwa mchezo, na mifupa yake inatumiwa kupigania, kwa mzaha, muziki ukilia. Mimi si mtu wa kukasirishwa na filamu kwa urahisi. Pale niliona wamefika mahali ambapo hata anayechimba hajui tena anachokichimba.

Abunuwasi alilisema jambo hili zamani. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akaeleza kuwa mkubwa kazaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili bila ya kuuliza. Mara ya pili Abunuwasi akaiazima asiirudishe, akapeleka taazia: sufuria imekufa. Jirani akaja juu, sufuria hufaje? Mradi ulikubali kuwa huzaa, akaambiwa, kubali na kufa. Kisa hiki tumekicheka tangu utotoni bila ya kuhisi kuwa kinatuhusu. Mtazamaji aliyekubali kwa shangwe kuwa vumbi hurudi kuwa mtu hana tena pa kusimama anapotakiwa kumlilia anayefuata. Alipokea kisufuria, na sufuria imekwenda.

Lakini sasa tazama jambo la ajabu. Abunuwasi huyuhuyu ana sehemu ya pili, ya kumi na ya mia, wala hatujapata kulalamika. Wala Sungura hatukumwambia kuwa amezidi. Mchekeshaji akirudi tunampisha kwenye mkeka. Kwa nini yeye tumsamehe?

Nadhani ni kwa sababu mchekeshaji hakuahidi kufika popote. Shujaa huanza safari, na safari ina mwisho. Mchekeshaji anazunguka kisima. Kiini cha kichekesho ni mtu asiyejifunza: jana aliponzwa na tamaa, leo tamaa imempa mkono tena, naye ameushika. Marehemu Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, alikuwa fundi wa jambo hili kuliko yeyote niliyewahi kumwona katika filamu za nchi yetu. Alijulikana kwa jina la King Majuto. Methali inasema kuwa majuto ni mjukuu. Lakini mzee yule, katika michezo ile chungu nzima, hakujuta hata siku moja. Angejuta kwa dhati mara moja tu, kazi ingekwisha. Tulimjua kwa mwendo wake, kwa jicho lake la pembeni likitafuta chakula au fedha ya mtu, na tulikaa kumsubiri aanguke palepale alipoanguka juzi. Hayo ndiyo tuliyoyalipia. Vivyo hivyo kwa Nkem Owoh wa Nigeria, ambaye Osuofia in London yake ya mwaka 2003 iliingia Dar es Salaam na sehemu yake ya pili ikafuata, na watu wakacheka mara mbili pasipo kuona kuwa wamepunjwa.

Ndiyo maana sehemu za pili za vichekesho huharibika kwa njia tofauti kabisa na za mashujaa. Zinaharibika pale mchekeshaji anapotakiwa akue. Mwaka 2021, miaka 33 baada ya filamu ya kwanza, Eddie Murphy alirudi kuwa mwana wa mfalme wa Zamunda, sasa mfalme mwenyewe, ana mtoto wa kiume asiyemjua huko Marekani, na ana mambo ya kutafakari juu ya urithi na mila. Alikuwa na hekima tele. Kichekesho kiko wapi? Filamu ya 1988 ilikuwa na mjinga mwenye taji katika jiji lisilojali taji. Hii ilikuwa na mzee mwenye busara aliyezungukwa na watu wanaokumbuka vichekesho vya zamani. Wanaosema mtaani kuwa ya kwanza ndiyo yenyewe, wakanyamaza bila ya kufafanua, wamesema karibu yote.

Na hapa niwatetee kidogo watu hao, maana katika kurasa kama hizi tuna tabia ya kuwadharau. Mtazamaji wa kibandani hana msamiati mpana wa uhakiki. Filamu kwake ni kali, ni ya kawaida, au imepoa. Hata hivyo huenda hukumu yake ni safi kuliko yetu, kwa kuwa haimletei chochote. Hana rafiki katika studio, hajaalikwa kwenye tamasha, hakuandaa mhadhara. Ametoa shilingi zake chache, ameketi katika joto, na anasema kama shilingi hizo zilimrudia au la. Mshairi yeyote aliyewahi kusoma utungo wake mbele ya watu waliochoka kwa kazi anajua kuwa hakuna mahakama kali kuliko hiyo.

Mtazamaji huyo pia anayo hoja dhidi yangu, na ni nzito. Atasema kuwa anajua vizuri kwamba steringi hafi. Hilo ndilo linalompa raha. Hatazami ili ajue kama mtu atapona, anatazama ili aone atapona vipi. Nakubali. Mpenzi wa shairi naye anajua kuwa kina kitafika, na furaha yake ni kuona malenga atakifikiaje bila ya kulivunja neno. Kwa filamu moja, hoja yake yanishinda.

Ana na nyingine, asiyoisema. Mtu anayepakua mizigo bandarini, au anayeendesha bodaboda Barabara ya Kilwa baina ya malori, hahitaji kukumbushwa na sinema kuwa watu hufa. Sisi wa visiwani pia hatuhitaji. Tulisimama ufukweni Septemba 2011, ilipozama Spice Islander ikielekea Pemba, na tukasimama tena Julai 2012 kwa ajili ya Skagit iliyokuwa ikija kutoka Dar es Salaam. Hakuna aliyewarudisha wale kwa kufyatua vidole. Sasa mtu aliyebeba hayo kifuani akitaka saa mbili za kumtazama mmoja, japo mmoja tu, ambaye maji hayamwezi, nani wa kumnyima? Nimelifikiri swali hili kuliko mengine yote, na sithubutu kumnyima. Hadithi ina ruhusa ya kufariji.

Tofauti ninayoiona iko baina ya kumfariji mtu na kumfundisha kuwa hana cha kulilia. Filamu moja ya steringi asiyekufa ni dua. Filamu thelathini zenye mashujaa walewale, kila kifo kimewekewa mlango wa nyuma, ni biashara ya kuifanya huzuni ionekane ujinga. Na kijana wa kwetu anayeitwa steringi na wenzake kijiweni, anayepakia abiria watatu kwenye pikipiki na kuikata kona bila ya kofia ngumu, sisemi kuwa filamu ndiyo iliyomtuma. Umaskini na haraka vinatosha kumtuma. Nasema tu kuwa lile jina amelipokea pamoja na ahadi iliyomo ndani yake, nayo ni ahadi ambayo hakuna wa kumtimizia.

Mtoto Buibui namwacha kando, maana hapa Unguja, ambako buibui ni mdudu na pia ni vazi la kina mama, filamu ya mtu wa jina hilo haijapata kuchukuliwa kwa uzito unaostahili.

Wenye filamu wa Dar es Salaam nao waliingia katika mchezo wa sehemu ya kwanza na ya pili, ila kwa sababu za dukani zaidi kuliko za kishujaa. Hadithi moja ilikatwa vipande viwili, kila kipande na diski yake na bei yake, na mnunuzi wa Kariakoo akarudi kununua mwisho wa kisa alichodhani amekwisha kukinunua. Kulikuwa na uonevu hapo, lakini walau ulikuwa uonevu wa wazi, kama wa muuza samaki anayekuuzia kichwa peke yake. Tarehe 7 Aprili 2012 akafariki Steven Kanumba, ana umri wa miaka 28, steringi kuliko masteringi wote wa zama zake. Umati uliomsindikiza hadi makaburi ya Kinondoni ulikuwa wa kutisha. Novemba ya mwaka huohuo akafa kwa ajali ya gari huko Muheza kijana mchekeshaji Sharo Milionea. Filamu ambazo Kanumba alizicheza kabla ya mauti ziliendelea kutoka baada ya kuzikwa kwake, naye akaonekana humo anacheka, anapenda, anagombana. Watu walizitazama. Lakini hizo hazikuwa sehemu ya pili ya kitu chochote, na waliozitazama walilijua hilo tangu picha ya mwanzo.

Jambo kama hilo liliwafika na Marekani. Chadwick Boseman, aliyekuwa mfalme wa Wakanda katika Black Panther ya 2018 pamoja na Lupita Nyong'o wa Kenya, alifariki kwa saratani tarehe 28 Agosti 2020. Wenye filamu walikuwa na njia zote za kumfufua. Wanajimu wa kompyuta wanaweza siku hizi kuufanyiza uso wa mtu kwa mwanga. Hawakufanya hivyo, wala hawakumweka mwingine kwenye kiti chake. Filamu ya 2022 inaanza kwa kifo cha mfalme, kwa ugonjwa, bila ya adui wa kumlaumu. Kisha yanafuata maziko, watu wote wamevaa nyeupe. Nasadiki kuwa hapo mtazamaji wa Mtoni hakuhitaji mtafsiri. Kati ya filamu zote za ukoo huo nilizoziona, hii ndiyo ya pekee ambamo dada anayesema kuwa hawezi kuzika huzuni yake anaeleweka na kila mtu ukumbini, kwa kuwa kila mtu anajua kuwa kaburi lile halitafukuliwa ili kupatikana silaha. Ina udhaifu wake mwingi. Ni ndefu, na vita vyake vya baharini vinachosha. Lakini steringi amekufa, na ghafla waliobaki wana jambo la kufanya.

Mwishoni kabisa anajitokeza mtoto aliyekuwa amefichwa mbali, naye amepewa jina la baba yake. Mwana wa Liyongo alikuja na sindano ya shaba. Huyu, kwa tuwajuavyo wenye studio, kaja na sehemu ya tatu.